Kitufe cha "Hifadhi" Kinahifadhi Nini?

(Hotuba kwa waandaaji programu na wasanifu wa mifumo, imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, ndugu zangu waandaaji programu na wasanifu, itifaki imezingatiwa.

Mmeniomba nizungumzie usanifu unaomjali mtumiaji. Nimechagua kitufe kimoja tu: kile cha "Hifadhi" kinachokaa kwenye dirisha la mipangilio lenye vichupo vingi (tabs). Nimekichagua kwa sababu hicho ndicho kinachoamua kama kazi ya mtu imeingia au imepotea, na kwa sababu mifumo mingi tunayoijenga wenyewe, ya shule, ya zahanati, ya maduka na ya SACCOS, inakichukulia kama jambo la kumalizia dakika za mwisho.

Chukueni mhasibu wa SACCOS. Amefungua mipangilio ya mfumo wa mikopo. Juu kuna vichupo vinne: Riba, Adhabu, Ujumbe, Watumiaji. Kwenye Riba anashusha kiwango kutoka asilimia 12 hadi 10, kama mkutano mkuu ulivyoagiza. Anahamia Adhabu, anaongeza siku za msamaha kwa anayechelewa kulipa. Chini ya sehemu za kujaza, ndani ya kichupo hichohicho cha Adhabu, anaona kitufe cha "Hifadhi". Anabonyeza. Ujumbe wa kijani unasema "Imehifadhiwa". Anafunga kompyuta, anakwenda nyumbani.

Je, riba imebadilika? Nikiwauliza humu ndani, nusu yenu mtasema ndiyo na nusu mtasema hapana, na nyote mtakuwa sahihi, kwa sababu ipo mifumo inayofanya hivi na mingine inayofanya vile. Mhasibu hana njia ya kujua. Atajua siku mwanachama atakapokuja dirishani na karatasi ya marejesho mkononi akiuliza kwa nini bado anatozwa 12.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: kila wakati mtumiaji anapotazama mipangilio, awe na uwezo wa kutambua ni kipi kimeshaanza kufanya kazi na ni kipi bado kipo kwenye skrini tu. Na mahali kitufe kilipowekwa ndipo panapomwambia hilo, kabla hajasoma neno lolote. Kitufe kilicho ndani ya kichupo kinasema "nahifadhi kichupo hiki". Kitufe kilicho nje ya vichupo, chini ya dirisha zima, kinasema "nahifadhi vyote". Tukikiweka ndani na kukipa kazi ya nje, au kinyume chake, tumemdanganya mtu, hata kama msimbo wetu hauna kosa.

Jambo hili lilishafikiriwa kwa kina zamani, na inafaa tuanzie huko. Agosti 1995 Microsoft walipotoa Windows 95, walikuja na muundo maalumu wa madirisha ya sifa yenye vichupo. Chini kabisa, nje ya vichupo vyote, palikuwa na vitufe vitatu: "Sawa" (OK), "Ghairi" (Cancel) na "Tumia" (Apply). Unahama kutoka kichupo kimoja kwenda kingine upendavyo, hakuna kinachohifadhiwa kwa kuhama. Ukibonyeza "Sawa", mabadiliko ya vichupo vyote yanaingia kwa pamoja. Ukibonyeza "Ghairi", yote yanaachwa. Ni kama mkataba wenye kurasa nyingi na sahihi moja mwishoni: umesaini, umekubali kurasa zote.

Wengi tunauona muundo ule kama kitu cha kizamani, lakini ndani yake kuna uangalifu ambao mifumo mingi ya leo imeupoteza. Mfano mmoja. Tuseme uliandika thamani isiyokubalika kwenye kichupo cha kwanza, ukahamia cha tatu, kisha ukabonyeza "Sawa". Kosa lipo mahali usipoliona. Windows inatuma taarifa kwa kila kichupo kilichokwisha kufunguliwa ikikiambia "hifadhi sasa", na kichupo chenye kosa kinaruhusiwa kukataa. Kikikataa, dirisha halifungwi, na mtumiaji anapelekwa moja kwa moja kwenye kichupo kile chenye kosa.

Sasa tazameni tunachofanya sisi kwenye wavuti miaka 30 baadaye. Tunaweka vichupo vinne ndani ya fomu moja na kuvificha vitatu. Kwenye kimojawapo cha vilivyofichwa kuna sehemu ya lazima ambayo haijajazwa. Mtumiaji anabonyeza "Hifadhi". Kivinjari cha Chrome kinakataa kuituma fomu, lakini hakiwezi kumwonyesha ile sehemu kwa sababu imefichwa, hivyo kinaandika lalamiko lake kwenye konsoli, mahali ambapo sisi tu ndio tunapatazama. Mtumiaji haoni chochote. Anabonyeza tena. Anabonyeza kwa nguvu zaidi. Kisha anapiga simu: "Kitufe kimekufa." Mwandaaji anajaribu kwenye mashine yake, ambayo sehemu zote zimejazwa, na anajibu kwamba kinafanya kazi. Mazungumzo ya aina hii yanakula siku nzima za watu, na tiba yake ni mistari michache: hakiki vichupo vyote, fungua kile chenye kosa, weka kasa (alama ya kuandikia) kwenye sehemu husika, na sema kwa maneno ya kawaida nini kinatakiwa.

Kuna kosa jingine baya kuliko hilo, kwa sababu lenyewe halionyeshi hata dalili. Kwa kanuni za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kisanduku cha tiki ambacho hakijatiwa alama hakitumwi kabisa fomu inapokwenda kwenye seva. Kwa hiyo upande wa seva wengi wetu huandika: kisipokuja, maana yake kimezimwa. Sasa ikiwa fomu imebeba sehemu za kichupo kimoja tu kilichofunguliwa, huku seva ikidhani imepokea mipangilio yote, visanduku vyote vya vichupo vingine vinasomeka kama vimezimwa. Mhasibu alibadilisha siku za msamaha. Mfumo umezima ujumbe wa kuwakumbusha wanachama. Wala hakuugusa. Dawa ni seva isibadilishe kitu ambacho haikuambiwa waziwazi kwamba kimeguswa.

Turudi kwenye vitufe vitatu, kwa sababu cha tatu, "Tumia", ndicho chenye ugomvi. Kilikusudiwa kumruhusu mtu aone matokeo bila kufunga dirisha: badilisha picha ya mandhari, bonyeza "Tumia", tazama, hujaipenda, jaribu nyingine. Kwa kazi hiyo kinafaa sana. Lakini watu hawakuelezwa hivyo, na maofisini nimewaona wengi wakibonyeza "Tumia" kisha "Sawa", kila mara, kwa woga kwamba "Sawa" peke yake haitoshi. Na pale mtu anapobonyeza "Tumia" halafu "Ghairi", anatarajia nini? Katika muundo wa Windows, "Ghairi" inafuta tu yale yaliyobadilishwa baada ya "Tumia" ya mwisho. Ni jibu lenye mantiki, lakini mtumiaji wa kawaida halijui, na anaweza kuondoka akiamini amerudisha kila kitu kama kilivyokuwa asubuhi.

Waliobuni muundo ule walikwisha kuliona tatizo hili pia. Walimpa mwandaaji programu njia ya kukizima "Ghairi" na kubadilisha maneno ya "Sawa" yawe "Funga", pale ambapo jambo limeshafanyika na haliwezi kurudishwa. Huo ni uungwana wa hali ya juu: kitufe kinakiri kwamba hakina tena uwezo wa kurudisha. Ushauri wangu kwenu kuhusu "Tumia" ni mfupi. Kama matokeo hayaonekani nje ya dirisha lenyewe, kiondoeni.

Wengine waliona afadhali vitufe vyote viondoke. Kwenye kompyuta za Apple, mipangilio mingi huanza kufanya kazi palepale unapoigusa. Mradi wa GNOME, unaotengeneza mazingira ya skrini ya Linux, ulipotoa toleo la 2 mwaka 2002, ulifuata njia hiyohiyo: dirisha la mapendeleo lina kitufe cha "Funga" tu. Firefox kwa miaka mingi ilikuwa na tabia mbili kwa programu moja: kwenye Windows ulitakiwa kubonyeza "Sawa", kwenye Mac na Linux mabadiliko yaliingia papo hapo. Ni mwaka 2015, kuanzia toleo la 38, mipangilio ilipohamishiwa ndani ya kichupo cha kivinjari chenyewe kwa watu wote, na kitufe cha "Sawa" kikaachwa. Leo simu zetu zimetuzoesha: unateleza swichi, jambo limekwisha.

Mimi naipenda njia hii, na kwa mpangilio unaosimama peke yake ndiyo ningeianzia. Lakini tazameni Apple wenyewe walipoiacha. Kwenye sehemu ya mtandao ya Mac, kwa miaka mingi, vilibaki vitufe viwili: kimoja cha kutumia na kimoja cha kurudisha. Kwa nini pale tu? Kwa sababu anwani ya IP, barakoa ya mtandao (subnet mask) na anwani ya ruta ni mambo yanayotegemeana. Ukibadilisha anwani kabla ya kubadilisha ruta, katikati hapo una mtandao usiofanya kazi. Mipangilio ya namna hiyo lazima iingie kwa pamoja au isiingie kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza la msanifu liwe: mipangilio hii inategemeana? Riba na namna ya kuikokotoa vinategemeana. Jina la seva ya barua pepe, mlango wake (port) na nywila yake vinategemeana. Mambo hayo yapewe kitufe. Lugha ya skrini haitegemei kitu. Ibadilike papo hapo. Tatizo linakuja pale tunapochanganya vyote kwenye ukurasa mmoja: swichi mbili zinazoingia zenyewe, chini yake visanduku vitatu vinavyosubiri "Hifadhi", na kichupo cha jirani chenye kitufe chake. Hapo mtumiaji analazimika kukisia kwa kila kitu anachogusa. Watu waliozoea simu wakiona swichi wanaamini imeshaingia. Kama lazima kuwe na "Hifadhi" kwenye dirisha, basi ndani yake tumieni visanduku vya tiki, swichi muiachie mipangilio ya papo hapo, na msivichanganye ndani ya dirisha moja.

Nisisahau vitufe vya vitendo vilivyojificha ndani ya vichupo: "Ongeza mtumiaji", "Futa tawi", "Pakia nembo". Mara nyingi vinafanya kazi palepale, wakati "Ghairi" ya chini bado inaahidi kurudisha kila kitu. Mtu anafuta tawi, anasita, anabonyeza "Ghairi" akidhani amejiokoa. Hapa nina msimamo mkali: vitendo vya aina hiyo havina nafasi kwenye dirisha lenye "Ghairi". Ama vifanyeni visubiri "Hifadhi" kama mengine yote, na tawi lionekane limepigwa mstari huku likisubiri, ama vihamishieni ukurasa wao wenyewe.

Je, kila kichupo kuwa na kitufe chake ni kosa? Hapana, ikiwa kila kichupo ni jambo linalojitegemea, na hasa pale watu tofauti wanapokuwa na ruhusa tofauti: katibu anagusa Ujumbe, mhasibu anagusa Riba. Lakini basi viwe kurasa, zenye orodha yake pembeni. Vichupo vilivyobanwa ndani ya fremu moja vinaonekana kama kitu kimoja, na mtu huhama kati yake bila kufikiri. Akihama akiwa na mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, msiyatupe. KDE, mazingira mengine ya skrini ya Linux, humsimamisha na kumuuliza ayatumie, ayaache au abaki. Kuuliza ni bora kuliko kutupa, ila bora zaidi ni kuyashika mabadiliko yake kimya na kuweka alama kwenye kichupo kile kwamba kuna kazi inasubiri. Alama hiyo isiwe rangi tu. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuifanya wavuti itumike na watu wenye ulemavu, unakataza rangi kuwa njia pekee ya kutoa taarifa, na asiyeona atasomewa jina la kichupo na kisoma skrini. Jina liseme "Riba, kuna mabadiliko hayajahifadhiwa".

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba umeme haukatiki. Ndugu zangu, tunajenga kwa ajili ya ofisi ambazo LUKU inaisha katikati ya kazi na bando linakata bila taarifa. Mtindo wa papo hapo ulizaliwa ndani ya kompyuta moja, ambako kubadilisha na kuhifadhi ni tendo moja. Kwenye wavuti, swichi ikiteleza, bado kuna safari ya kwenda seva na kurudi, na safari hiyo inaweza isifike. Swichi inayogeuka kijani kabla seva haijajibu inasema jambo ambalo bado si kweli. Ionyeshe kwamba inasubiri. Ikishindikana, irudi ilipokuwa na iseme kwa nini.

Na kwenye simu hali ni ngumu zaidi. Mtu anajaza mipangilio, anapigiwa, anapokea, anaangalia salio, anarudi. Simu yenye kumbukumbu ndogo imeshaukatisha ukurasa ili kupata nafasi, na unapakiwa upya ukiwa mtupu. Lile onyo la kivinjari la "una uhakika unataka kuondoka?" halitegemeki kwenye simu, mara nyingi halijitokezi kabisa. Kinga pekee ni kuhifadhi rasimu kwenye kifaa chenyewe kadiri mtu anavyoandika, na akirudi aambiwe: "Tumekuta mabadiliko yako ya saa nne, uendelee nayo?" Nywila na funguo za siri zisiingie kwenye rasimu hiyo, kwa kuwa kompyuta nyingi za ofisi zetu zinatumiwa na watu zaidi ya mmoja.

Watu zaidi ya mmoja wananileta kwenye jambo linalosahaulika kuliko yote. Mhasibu amefungua mipangilio saa mbili asubuhi. Saa mbili na nusu meneja, akiwa tawi jingine, anabadilisha siku za msamaha na kuhifadhi. Saa tatu mhasibu anabonyeza "Hifadhi", na fomu yake inatuma vichupo vyote kama vilivyokuwa saa mbili. Kazi ya meneja imefutwa na mtu ambaye hakuigusa wala hakujua. Kitufe kinachohifadhi vyote kina uzuri wake, na hii ndiyo gharama yake. Tumeni seva yale tu yaliyobadilishwa, pamoja na namba ya toleo alilolisoma mtumiaji. HTTP, itifaki ya mawasiliano kati ya kivinjari na seva, imeshatupatia chombo: kichwa cha If-Match, kinachobeba alama ya toleo, na jibu namba 412 pale toleo linapokuwa limepita. Jibu hilo likija, onyesheni thamani zote mbili na nani aliweka ipi, mtumiaji achague.

Kuna mipangilio ambayo kosa lake linamfungia mtu nje kabisa, na kwa hiyo "Hifadhi" ya kawaida haitoshi. Windows ukibadilisha ukubwa wa onyesho la skrini, inakuuliza kama unataka kubaki nao, na usipojibu ndani ya sekunde 15 inarudisha ulivyokuwa. Huenda skrini imekuwa nyeusi na huwezi kuona swali lenyewe. Ukimya wako unahesabiwa kuwa hapana. Wahandisi wa mitandao wanaotumia vifaa vya Juniper wana amri ya namna hiyo: unathibitisha mabadiliko kwa muda, na usipothibitisha tena ndani ya dakika 10, kifaa kinarudi katika hali ya awali. Anayesimamia mnara uliopo Tunduru akiwa ameketi Dar es Salaam anaijua thamani ya dakika hizo. Kwenye mifumo yetu, kubadilisha ruhusa za msimamizi mkuu au anwani ya kuingilia mfumo kunastahili ulinzi uleule, na ni wachache wanaouweka.

Nimalizie na ule ujumbe wa kijani. "Imehifadhiwa" peke yake haimsaidii mhasibu wetu. Andikeni: "Riba imebadilika kutoka 12 kuwa 10, siku za msamaha kutoka 3 kuwa 7, kuanzia mikopo ya leo." Programu inazijua tayari thamani hizo, ya zamani na ya mpya, kwa hiyo haihitaji kazi kubwa. Pembeni yake wekeni "Tendua", ifanye kazi kwa muda unaomtosha mtu kusoma sentensi yote bila haraka, na sentensi hiyohiyo iingie kwenye kumbukumbu za mfumo pamoja na jina la aliyebonyeza na saa. Siku mwanachama atakapokuja dirishani na karatasi yake, mhasibu awe na cha kumwonyesha.

Asanteni kwa kunisikiliza. Wenye mifumo yenu kwenye kompyuta hapa, ifungueni ukurasa wa mipangilio, tuipitie pamoja.